Tupeane uzoefu: vikundi vya kushona mifarishi na yanayotukuta siku ya maonyesho

BandiNdefu: Wakuu, nimetoka kwenye maonyesho ya mifarishi, yale matandiko ya viraka yenye pamba katikati na bitana nyuma, shingo bado inauma. Kuna mmoja wa nyota, viraka vidogo kama kucha, nikarudi kuutazama mara nne. Mara ya nne msimamizi akanisogelea, kidole changu kilishaanza kunyooka chenyewe. Sheria mnaijua: hushiki, unamwomba mwenye glavu nyeupe akufunulie nyuma. Na nyuma ndiko kwenye ukweli. Bitana imetulia, hakuna fundo hata moja. Nilipofika nyumbani nikautazama wangu, nikaukunja. Haya, leteni yenu.

SubanaImepotea: Nyuma ndiko kwenye ukweli. Umemaliza.

KirakaChekundu: Mimi nina la haraka. Nimeufua wa maonyesho kwa mara ya kwanza, nyekundu imechuja kwenye nyeupe. Zimebaki siku tisa!

MkasiButu: Siki na chumvi.

NyuziTatu: Siki na chumvi zirudisheni jikoni, rangi za kiwandani za pamba hazisikii siki. Usiukaushe, usiuguse na pasi. Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, mengi, uzame wote, usiku kucha. Yakiwa mekundu badilisha, rudia. Na siku nyingine fua kitambaa kabla hujakikata.

MkasiButu: Maji ya moto tena? Achuje na iliyobaki? Baridi, dada.

NyuziTatu: Kaka, wewe umeshona mingapi?

MkasiButu: Mmoja na nusu. Hiyo nusu ina miaka sita.

PindoLangu: Nilikuwa nacheka mpaka nilipofika hapo pa "nyuma ndiko kwenye ukweli". Ngoja niseme.

Kikundi chetu tuliamua kushona mfarishi wa pamoja, kila mtu mraba mmoja wa nyota. Tulikuwa na bibi yetu, mkubwa kuliko wote, ndiye aliyetufundisha wengi kushika sindano, ila mkono ulishaanza kutetemeka. Mraba wake ulikuja umepungua karibu nusu sentimita, ncha moja ya nyota imemezwa na mshono. Mnajua nusu sentimita inavyoivuta safu nzima. Mwenyekiti akaniita pembeni: "Mkono wako unafanana na wake. Shona mwingine kwa vitambaa hivyohivyo, hatajua." Nikashona, usiku mmoja tu. Tukaunganisha, tukaweka pamba na bitana, tukapiga bandi, na bibi mwenyewe ndiye aliyetushikia pembe.

Maonyeshoni ukapata utepe wa ushindi. Sisi vigelegele. Bibi akasogea, akautazama ule mraba wa safu ya tatu, mahali pa wake, muda mrefu, akaomba glavu. Akapitisha kidole kwenye nyota, ncha ya kwanza, ya pili, hadi ya nane. Akasema taratibu, "Yangu ilikuwa na ncha saba na nusu. Hii ya nani?"

Kimya. Akapita mgeni, akamwuliza, "Bibi, wako ni upi?" Akajibu, "Bado sijauona."

Hakugomba. Wiki iliyofuata alikuja na sindano yake kama kawaida, akawashonea wenzake pindo. Mraba wake mwenyewe hakuleta tena.

SubanaImepotea: Nimeisoma mara mbili.

MkasiButu: Mwenyekiti huyo atoke. Leo.

NyuziTatu: Kwa kosa gani? Majaji hawaulizi umri, ncha ikimezwa alama zinashuka, na kazi ni ya kikundi kizima. Angemwambia waziwazi tu.

BandiNdefu: Aliyekufundisha kushika sindano unamwambiaje mkono umekwisha?

NyuziTatu: Kwa hiyo bora aibiwe?

FumuaTena: Huko kudai kila mshono unyooke nako kumezidi. Wanawake wa Kisidi kule Karnataka, India, ambao asili yao ni Afrika, wana mfarishi wao unaitwa kawandi. Wanaanza pembezoni, wanazunguka kwenda katikati, viraka vinapangwa kwa jicho. Wanachokagua ni pembe nne: zikikosa vipande vya vitambaa vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua, kawandi iko uchi.

Halafu bibi huyo kanikumbusha Harriet Powers wa Georgia, Marekani, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Mfarishi wake wa visa vya Biblia ulionyeshwa Athens, mji wa hukohuko Georgia, mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa akautaka, yeye akakataa kuuza. Mwaka 1891 shida ikambana, akataka dola 10, akapewa 5. Baada ya hapo akawa anakwenda kwa mnunuzi kuutazama. Leo uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, hukohuko Marekani. Lakini Powers alijua wake ulipo. Mraba wa bibi uko wapi, PindoLangu?

PindoLangu: Ninao. Kwenye kopo la vifungo. Kila nikiutoa nimpelekee, naurudisha.

MkasiButu: Peleka.

BandiNdefu: Usipeleke, utamtonesha kidonda.

SubanaImepotea: Fumueni ule wa safu ya tatu, rudisheni wake.

NyuziTatu: Tabaka tatu zimeshashonwa pamoja, utafumuaje?

SubanaImepotea: Kidogo kidogo.

PindoLangu: Mfarishi uko kwangu wiki hii. Ni zamu yangu kuutunza.

NyuziTatu: Basi anza na pindo. Usikate kwa wembe.

KirakaChekundu: Samahanini wakuu. Ni maji ya moto au baridi?