Gari haliingizi petroli, fundi anabadilisha pampu! Acheni kubahatisha kwa pesa zetu

Wakuu, nina hasira na nitasema yote.

Gari langu dogo kutoka Japani lilianza kugoma kujazwa. Mhudumu anabonyeza, inakata. Anangoja, anabonyeza tena, inakata, mara petroli inatapikwa nje na kumwagika kwenye bodi. Na hiyo ni sheli ya Ubungo, Jumanne jioni ya kuamkia bei mpya za mafuta za EWURA, foleni imefika barabarani, honi kila upande. "Bosi, gari lako bovu, sogea."

Gereji moja Tabata wakasema pampu ya mafuta imekufa. Nikalipa, wakabadilisha, tatizo palepale. Kwingine wakasema geji. Kuna waliotaka kutoboa mfuniko wa tenki! Mvuke wa petroli uvuje nje muda wote kwenye gari ninalobebea watoto, na mtu anadai hela kwa hilo.

Pampu iliyo ndani ya tenki inasukuma mafuta kwenda kwenye injini. Haihusiki kabisa na mafuta kuingia! Yakiingia, hewa iliyomo lazima ipate pa kutokea. Mimina mafuta ya taa kwenye chupa kwa faneli iliyobana mdomo, uone yanavyogoma kushuka. Kwenye gari hewa inatokea kwenye mpira wa briza, yaani mpira wa kupumulia wa tenki, na magari mengi ya sasa yana kopo lenye chembe za mkaa linalonasa mvuke, kisha kuna vali, ndipo hewa inafika nje. Njia hiyo ikiziba, petroli inapanda haraka kwenye shingo ya tenki na kufunika kitundu kilicho kwenye ncha ya bomba la pampu ya sheli. Kitundu kikifunikwa, pampu inajikata yenyewe. Ndivyo ilivyoundwa.

Fundi mzee mmoja wa Ilala ndiye pekee aliyeanza kwa kuuliza. Inakata sheli zote au moja? Zote. Ukishajaza, gari linasumbua kuwaka? Hapana. (Lingesumbua, angeanza na vali inayopeleka mvuke kwenye injini.) Akaingia chini, akakagua kama shingo imepondeka au ina kutu, akafuata mipira yote, akafungua kopo la mkaa na kulipuliza upepo kidogo. Haupiti. Limeshindiliwa vumbi la barabara za Goba! Likawekwa lingine, petroli inaingia mpaka tenki linajaa.

Nanyi wahudumu wa sheli, ikikata kwa sababu tenki limejaa, acheni! Kuminyaminya ili hesabu ifike elfu kamili kunaweza kusukuma petroli yenyewe kwenye lile kopo, ambalo kazi yake ni mvuke tu. Mkaa ukilowa petroli, mara nyingi kopo ndiyo basi tena, na mteja anarudi kwenu gari likigoma, mnamfukuza kwenye foleni.

Kinachoniuma zaidi ni pampu yangu ya zamani. Ilikuwa nzima, ilikuja na gari, na ilibaki kule Tabata. Nilipoifuata nikaambiwa imeshatupwa. Spea nzima haitupwi Dar es Salaam, inauzwa! Risiti ninayo. Jumatatu narudi pale, nataka pampu yangu au pesa yangu.