Naomba ushauri: plagi ya sensa ya krenki imevunjika

Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu lori langu la dizeli linalobeba saruji kutoka Tororo hadi Kampala. Klipu ya plagi ya sensa ya krenki (kifaa kinachohisi mzunguko wa shafti kuu ya injini) imevunjika, plastiki yake imekauka kwa joto, na pini moja imeota kutu ya kijani, hivyo injini huzimika ghafla barabarani, jambo linalonitia hofu kubwa kwa ajili ya dereva wangu. Fundi umeme anataka tukate plagi na kuunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha (lehemu). Mimi nasita, kwa kuwa mtetemo wa injini hukata waya pale risasi inapoishia, na nyaya hizo zimesokotwa pamoja makusudi ili kuzuia mwingiliano wa umeme. Je, plagi iliyotumika itafaa nikiibadilishia pini, au ni lazima nitafute mpya?