Naomba ushauri: sahihi ya HMAC inakataliwa kwenye simu

Wakuu, programu ya Android inaita API (huduma ya seva) inayodai kila ombi liwe na sahihi ya HMAC-SHA256, yaani alama inayokokotolewa kwa ufunguo wa siri. Jina lenye nafasi lilikuwa linaleta 401 (seva kukataa ombi): URLEncoder ya Java inaandika Asha+Juma, seva inakokotoa Asha%20Juma. Hilo limekwisha. Base64, inayogeuza sahihi kuwa herufi, nayo iko NO_WRAP, maana DEFAULT huongeza mstari mpya mwishoni.

Zimebaki 401 za saa ya simu kutolingana na ya seva. Seva inavumilia tofauti ya dakika 5, na simu nyingi saa zimewekwa kwa mkono. Nichukue kichwa cha Date (saa ya seva) kwenye jibu la seva nikokotoe tofauti, au kuna njia bora?

Linaloniumiza kichwa zaidi ni ufunguo wa siri: ukikaa ndani ya APK (faili la kusakinisha programu), yeyote mwenye jadx, zana ya kufungua msimbo wake, anausoma. Nafikiria seva yangu ya katikati ndiyo itie sahihi. Mliofanya hivyo, simu mnaithibitishaje kwa hiyo seva?