Strasburg kukalishwa benchi 2012: Nationals walimlinda au walijinyima kombe wenyewe?

Wakuu, najua besiboli huku kwetu tunaoifuatilia ni wachache ila hili jambo linanikera kila likiguswa. Kwa asiyemjua, Stephen Strasburg alikuwa mrushaji wa Washington Nationals, chaguo la kwanza kabisa la drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya) ya 2009, mechi yake ya kwanza Juni 2010 akawatoa wapigaji 14 wa Pittsburgh kwa straiki, mwaka huohuo kano ya kiwiko ikakatika akafanyiwa ile operesheni ya kuweka kano mpya wanayoiita Tommy John. 2012 karudi moto, kashinda mechi 15 kapoteza 6, timu inamaliza na ushindi 98 kuliko timu yoyote msimu ule, halafu Septemba meneja mkuu Mike Rizzo anasema basi, iningi 159 (vipindi vya mchezo, mechi ina tisa) zinatosha, huyu harushi tena mwaka huu. Na mtu ni mzima kabisa!!

Oktoba kwenye mtoano wakakutana na St. Louis Cardinals. Mechi ya pili wakapigwa 12-4, ya tatu 8-0, ya tano wakaongoza 6-0 wakaja kufa 9-7 wakaenda nyumbani. Sasa hizo mbili walizopigwa kama ngoma, Strasburg asingeokoa hata moja? Kama shida ni hesabu ya iningi si wangemchelewesha tu aanze Mei, zile zile 159 zikafika Oktoba? Karibuni mnipinge.

— Mkuu kamuulize Matt Harvey, mrushaji wa Mets. Katoka Tommy John, 2015 wakala wake Scott Boras (ambaye alikuwa wakala wa Strasburg pia) akapiga kelele kwamba mwisho iningi 180, jamaa akaachiwa mpaka 216 ukijumlisha na za mtoano mpaka World Series (fainali ya ubingwa). Mwaka uliofuata yuko kwenye operesheni ya neva za begani na hakurudi tena kuwa Harvey yule. Strasburg kwa kulindwa kapata 2019, kashinda mechi tano za mtoano bila kupoteza, kombe, na tuzo ya mchezaji bora wa World Series juu.

— Aliyeleta Harvey kanirahisishia kazi. Strasburg naye si aliishia na tatizo lile lile la neva? Desemba 2019 kasaini miaka 7 dola milioni 245, baada ya hapo karusha mechi 8 tu, nane jamani, mpaka kustaafu 2024. Aliyelindwa na asiyelindwa wote meza moja ya operesheni, sasa kulinda kulisaidia nini?

— Kulisaidia miaka saba katikati hapo, au hiyo haihesabiki? Halafu la kuanza Mei, Rizzo alishasema hawakutaka mkono uwe unasimama na kuanza tena, walitaka arushe kwa mpangilio wa kawaida kisha wamfungie msimu, mrushaji mwenzake Jordan Zimmermann walimfanyia hivyo hivyo 2011, na 2012 akarusha msimu mzima freshi.

— Zimmermann ndo huyo huyo aliyepigwa mechi ya pili lakini, haha.

— Hilo la mpangilio silikubali, kwa sababu Atlanta Braves walio ligi moja nao walifanya ninachosema mimi, mwaka uleule. Mrushaji wao Kris Medlen alifanyiwa Tommy John Agosti 2010, mwaka mmoja na Strasburg, 2012 wakamweka kwanza akiingia katikati ya mechi, mwisho wa Julai ndo wakampa kuanza, kamaliza kashinda 10 kapoteza 1 na Oktoba alikuwepo. Iningi 138. Kwa hiyo inawezekana, Nationals hawakutaka tu.

— Na Machi 2014 kiwiko cha Medlen kikakatika tena, Tommy John ya pili. Mbona hiyo hujaandika?