Maejenti wa "leseni ya majuu" hapa tao, rudisheni pesa za watu

Wasee, leo niko na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie. Kuna ofisi hapa tao Nairobi, jina naliacha juu uzi utafutwa, iko ghorofani kule pande za River Road, inauzia watu "leseni ya kimataifa" elfu thelathini ikiwaambia hiyo ndio ya kufanya kazi ya udereva Dubai. Uongo mchana kweupe.

Kakangu ni dereva, na si wa kubahatisha, amekimbiza matatu ya Rongai miaka mingi, na hiyo barabara mnaijua asubuhi ikinyesha. Akapata kazi ya kuendesha vani Dubai. Ejenti akamwambia bila hiyo leseni viza haitoki, tukakopa sacco, mdhamini ni mimi, akapewa kakitabu ka kijivu kenye picha na stempu akaambiwa sasa uko sawa panda ndege.

Sasa sikizeni, na hii maneno haijafichwa mahali, ni vile tu mwenye anakuuzia hawezi kukuambia. Hicho kitabu ni permiti ya kimataifa, na kazi yake ni kusaidia askari wa nchi ingine kusoma leseni yako ya Kenya, basi. AA ya Kenya, kile chama cha wenye magari, inatoa hapa hapa Nairobi, na nilipouliza bei yao nilishika kichwa. Inaisha baada ya mwaka na haisimami peke yake, ile leseni yako ya Kenya lazima iwe hai. Ni ya mgeni. Ukienda kutembea Dubai ukodishe gari siku kadhaa, sawa, itakusaidia. Lakini ukishapewa ukaazi na kitambulisho chao, hicho kitabu weka kwa sanduku, unatakiwa uwe na leseni ya kwao. Kuna nchi zimeruhusiwa kubadilisha leseni zao moja kwa moja, Uingereza iko, Marekani iko, Afrika Kusini iko. Kenya haiko. Kwa hivyo dereva wa Rongai anarudishwa shule, apimwe macho, akae darasani, afanye mtihani wa nadharia, alipie masaa ya kuendesha na mwalimu, mtihani wa kupaki, halafu wa barabarani, na ukianguka unalipa tena. Hiyo ni maelfu ya dirham jamani, na mtu amefika juzi hata mshahara wa kwanza hajaonja!

Msimamizi wake alionyeshwa kile kitabu akacheka. Saa hii kakangu anabeba maboksi kwa stoo, mshahara ni wa kubeba maboksi, na sacco inakata payslip yangu kila mwisho wa mwezi kama kawaida. Na msimwambie aendeshe tu kimya kimya, akishikwa ni kesi na akigonga mtu bima haitaki kujua.

Halafu si Dubai peke yake. Uingereza tunaendesha upande ule ule wa kushoto, wao ndio walituachia hiyo mambo, lakini ukihamia huko leseni ya Kenya ni miezi 12 tu, baadaye unaanza na ile ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia pauni 23, wa barabarani pauni 62 ukiufanya siku ya kazi. Afrika Kusini na Zimbabwe wanabadilishiwa bila mtihani. Zimbabwe! Ujerumani nayo inakupea miezi sita, na 2024 si tulisaini nao mkataba wa wafanyakazi, kamera zote zikiwa hapo? Nauliza tu wakubwa, kwani leseni za madereva hamkuziona?

Nirudi kwa hawa wezi, juu pia wako na mrengo wa magari. Jamaa wa estate yetu alikuwa Doha, Qatar, akaambiwa na ofisi hiyo hiyo alete Prado yake "namba tutasukuma". Gari ya Qatar usukani uko kushoto, Kenya haisajili hiyo labda iwe gari ya kazi maalum kama ambulensi au ya zimamoto, na ikizidi miaka 8 pia haiingii. Chenye hakuambiwa ni hiki, ukiwa umekaa nje si chini ya miaka miwili na gari umeimiliki na kuitumia mwaka mzima, unaweza kuiuza huko, ununue yenye usukani wa kulia ya thamani hiyo au chini, na msamaha wa ushuru wa mtu anayerudi nyumbani unaupata, bora usipitishe siku 90 baada ya kufika. Iko kwa sheria. Lakini ejenti atakulaje ukishajua hiyo?

Mwenye anatafuta kazi ya nje, kabla utoe hata mia, angalia kama hiyo ofisi iko kwa orodha ya NEA, ile mamlaka ya serikali ya mambo ya ajira, inapatikana onlaini bure. Hawa wa River Road nimewatafuta huko na hawako.

Wenye mmelipa hapo msifute mesej za M-Pesa, niingilieni inbox, tukiwa watu kadhaa tunaenda kwa wapelelezi wa DCI pamoja na risiti zetu. Na wewe ejenti, najua hupitwi na mambo ya humu. Namba yangu unayo, kakangu alikuachia. Nangoja hiyo elfu thelathini, na usinitumie nusu.