Imani aingie au asiingie?

*Alhamisi usiku*

Zuhura: Mama shikamoo. Wifi shikamoo. Wengine habari za usiku. Nina jambo naomba mnisaidie kulifikiri. Jumanne tunaingia Magic Kingdom, ile bustani ya michezo ya Disney kule Florida. Faraji, kaka yake Imani, ameandika orodha yake, na juu kabisa kaweka Haunted Mansion, lile jumba la mizuka. Imani kasikia, naye anasema lazima aende. Ana miaka 4 na miezi 3. Baba yake, Hamisi, anasema aingie. Mimi moyo unasita.

Mama: Marahaba mwanangu. Mnasafiri mpaka Florida kutafuta mizimu?

Wifi Mwanaidi: Marahaba wifi. Niko zamu, nikitulia nitaandika.

Shemeji Juma: Aingie tu shemeji. Nimetazama tovuti yao sasa hivi, jumba hilo halina sharti la kimo. Mtoto wa urefu wowote ruksa. Lingekuwa baya wangemzuia mlangoni.

Shemeji Salim: Kaka Juma, kimo ni habari ya mkanda na chuma cha kushikilia mtu. Space Mountain wanataka sentimita 112 kwa sababu kigari kinakimbia na kutupa watu huku na huku. Hiki cha mizuka kinatambaa, ndiyo maana hawapimi. Ile fimbo yao haipimi woga.

Shemeji Salim: Sharti lililopo ni kwamba mtoto chini ya miaka 7 apande na mtu wa miaka 14 au zaidi. Basi.

Hamisi: Salim wewe umeshaingia. Tueleze.

Shemeji Salim: Mara nne. Ngoja nikae vizuri niandike, maana kila sehemu ina lake.

Shemeji Salim: Nje kwenye foleni hakuna la kutisha. Kuna makaburi ya kuigiza yenye maandishi ya utani, kuna kinanda ambacho watoto wakigusa kinalia, na kuna gari la kubebea jeneza lenye hatamu zilizokaa hewani kana kwamba farasi yupo, ila haonekani. Watoto wanapapenda.

Kisha mnaingizwa wengi kwa pamoja kwenye chumba cha pembe nane, mlango unafungwa. Sauti nzito ya mwenyeji inazungumza. Kuta zinaanza kurefuka, na picha zilizotundikwa zinarefuka nazo zikionyesha kilichokuwa kimejificha chini. Binti mwenye mwavuli, kumbe amesimama juu ya kamba na chini yake mamba kaachama. Mpaka hapo hata Imani anaweza kucheka. Halafu taa zote zinazima, radi inapiga, na ukitazama juu unaona mtu ananing'inia kwenye kitanzi. Yowe. Giza. Taa zinarudi.

Baada ya hapo ndiyo vigari. Vyeusi, vimekukumbatia kama ganda, chuma kinashuka mapajani, spika ziko karibu na masikio. Kama dakika 8. Kichwa cha mwanamke kinaongea ndani ya tufe la kioo. Ukumbi wa mizuka wanaocheza dansi. Chumba cha darini kina bibi harusi mwenye shoka, na picha zake za harusi vichwa vya waume vinatoweka. Kigari kinageuka, mnashuka kinyumenyume mpaka makaburini, huko vichwa vinachomoza ghafla lakini wimbo ni mchangamfu. Mwisho mnapita mbele ya vioo mnaona mzuka amekaa nanyi kigarini.

Zuhura: Mtu kwenye kitanzi?

Shemeji Salim: Ndiyo shemeji. Ni sekunde chache, na asiyetazama juu hamwoni. Ila ile radi na giza hakuna wa kuvikwepa.

Hamisi: Hilo sikulijua. Mimi picha niliyokuwa nayo ni mizuka ya kuchekesha tu.

Neema: Dada, mnakumbuka nilivyomwingiza wangu kwenye nyumba ya kutisha, bustani nyingine kabisa, akiwa na miaka 5? Ile ya kutembea kwa miguu, watu wamejipaka damu wanakurukia. Aliganda. Hakulia, hakupiga kelele, nikajua anafurahia. Nilipombeba nikakuta moyo unadunda kama wa kifaranga. Wiki tatu alilala kwangu, na choo cha usiku akawa haendi peke yake. Mpaka leo najilaumu kwamba nilimtazama nisimwone.

Shemeji Salim: Pole sana. Ile ni tofauti lakini. Hapa hakuna mtu anayekurukia wala kukugusa, wote ni wanasesere, mwanga na vioo.

Neema: Najua. Nasema tu asiyelia si kwamba haogopi.

*Ijumaa*

Wifi Mwanaidi: Nimetoka zamu. Neema umesema neno ambalo wodini tunawaambia wazazi kila siku. Mtoto aliyenyamaza na kukaza mwili mwangalie zaidi ya anayelia.

Wifi Mwanaidi: Wifi, umri wa Imani ndio umri wa hofu ya giza na mazimwi. Kati ya miaka 3 na 6 mtoto ana mawazo mapana sana, na mpaka kati ya la kweli na la kubuni bado unacheza. Leo anakwambia mwenyewe kwamba mizuka haipo, usiku kitandani ipo. Kwa hiyo kumwambia "si kweli" katikati ya giza hakumsaidii, mwili umeshaogopa tayari. Akiota vibaya siku mbili tatu si ugonjwa. Ataamka alfajiri analia, atakueleza alichokiona, utamshika, atalala tena. Ila usimwingize kwa hila, wala usimshike mkono kwa nguvu akikataa mlangoni. Hilo linakaa muda mrefu kuliko mzuka wenyewe.

Shemeji Juma: Dada nakuheshimu, lakini sisi tulikuzwa na hadithi za mazimwi yanayomeza kijiji kizima, na tumekua salama. Mama shahidi. Tukiwafunika watoto hivi wataanza lini kuwa jasiri?

Mama: Juma.

Mama: (ujumbe wa sauti, dakika 1 sekunde 12)

Neema: Kwa walio kazini, nawaandikia alivyosema mama: "Juma, zimwi lile nilikuwa nalisimulia mimi, na wewe umekaa mapajani pangu. Nilikuwa nakutazama macho. Nikiona yamekutoka, zimwi linajikwaa, linaanguka, wanakijiji wanatoka tumboni mapema. Nikiona umechangamka, naliacha lile mpaka mwisho. Siku nyingine zimwi halijala hata kuku mmoja, wewe umeshalala. Sasa hicho kigari kinamtazama mtoto usoni?"

Hamisi: Hapana mama. Hakimtazami.

Shemeji Salim: Wala hakisimami mtu akiogopa. Kinasimama wakati wanampandisha mwenye shida ya kutembea, na hapo mnakaa palepale mlipo, hata kama ni katikati ya makaburi.

Shemeji Juma: Mama hapo umenifunga mdomo. Kweli nilikuwa siogopi kwa sababu ulikuwa unaishusha hofu.

Zuhura: Nimesoma yote. Wifi, kuna jambo nimelikumbuka. Imani picha za kutisha hazimsumbui sana, mafuvu anayachora mwenyewe na kuyapaka rangi ya waridi. Kinachomtisha ni ile mashine ya kukaushia mikono vyooni. Akiiona tu ukutani anaziba masikio, anarudi nyuma mpaka mgongo ugonge mlango, hata kama haijawashwa. Ananawa na kutoka na mikono inadondosha maji.

Wifi Mwanaidi: Basi wewe umeshapata unachokitafuta. Usimpime kwa mizuka, mpime kwa kelele ya ghafla, giza, na mahali asipoweza kutoka.

Mama: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mjulisheni kwanza, msimpeleke kipofu.

Hamisi: Salim, ule ukumbi wa dansi unafanywaje? Nataka nimwonyeshe nyumbani.

Shemeji Salim: Kwa kioo, kaka. Kioo kikubwa sana kimesimama kati ya vigari na ukumbi. Wacheza dansi ni wanasesere halisi, wamefichwa gizani upande wenu, juu na chini ya njia mnayopita. Taa ikiwapiga, taswira yao inatokea kwenye kioo, mnaona kama wako ukumbini ila mnaona na viti nyuma yao. Taa ikizima wanatoweka. Ni kiinimacho cha zamani cha jukwaani. John Henry Pepper alikionyesha London mwaka 1862, mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Unaweza kukifanya kwa dirisha la sebuleni na tochi ya simu.

*Ijumaa usiku*

Hamisi: Nimefanya. Nimezima taa ya sebule, nje giza, nikamsimamisha mwanasesere wake mezani mbele ya dirisha na kummulika. Mwanasesere akaonekana amesimama nje, hewani, juu ya ua. Imani alinyamaza kidogo, nikashtuka nikikumbuka maneno ya Neema. Kumbe anafikiri. Akaenda dirishani akagusa kioo. Akarudi akamgusa mwanasesere. Kisha akaninyang'anya tochi, akawa anamwasha na kumzima mwenyewe. Mara ishirini hivi. Tumechelewa kulala.

Shemeji Salim: Amekuwa mwenye jumba sasa!

Shemeji Juma: Huyo ataingia, nawaambia.

Zuhura: Sijui shemeji. Kesho tunatazama video ya safari nzima, na sauti yake. Kama ataitaka.

*Jumamosi*

Zuhura: Nimemaliza. Naandika taratibu ili nisisahau.

Tulikaa sakafuni, yeye mapajani, simu mkononi mwangu. Nilimwambia akisema "basi" nazima, bila swali. Foleni ameipenda. Picha zinazorefuka amecheka, mamba amemrudia mara mbili. Kabla ya giza nikasimamisha, nikamwambia hapa taa zitazima na kutakuwa na radi, sakafu haiendi popote, ni dari ndiyo inapanda. Tuendelee? Akafikiri, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akasema endelea. Pale juu nilifunika skrini kwa kidole, yule mtu hakumwona. Radi ilipopiga akaruka, kisha akaziba masikio zaidi. Ukumbi wa dansi akapiga kelele "baba, kioo!" Hadi mwisho hakusema basi.

Nikajua amefaulu. Jioni namwogesha, hatuzungumzii hayo hata kidogo, akaniuliza: "Mama, kile chumba, mlango unafunguka?" Nikamwambia ndiyo, wa upande wa pili unafunguka baadaye. Akasema, "Lakini ukiwa giza, unafunguka?"

Hakuuliza habari ya mzuka hata mmoja.

Wifi Mwanaidi: Umemsikia vizuri. Hilo ndilo jibu lake.

Neema: Mtoto wa watu. Amelibeba siku nzima.

Shemeji Juma: Shemeji mimi nilikuwa nasukuma sana, nisamehe. Nilidhani hoja ni mizuka.

Zuhura: Hakuna la kusamehe, bila wewe nisingefikiri mpaka huku.

Shemeji Salim: Kwa kuongezea tu: hata mkifika mkapita chumba kile, kabla ya kupanda kigari mkimwambia mhudumu mtoto amekataa, atawaonyesha pa kutokea. Wamezoea, hawakasiriki. Lakini lile giza lenyewe litakuwa limeshapita, na kwake ndilo zito.

Hamisi: Mimi nimebadilika. Nilitaka aingie kwa sababu nilitaka tuwe wanne kwenye ile picha, nasema kweli. Nitaingia na Faraji. Imani na mama yake wapite foleni ya makaburi... Salim, foleni wanaweza kuingia wakatoka?

Shemeji Salim: Mwombeni mhudumu pale mwanzo. Ila lile gari la farasi asiyeonekana liko nje, hilo hata bila foleni mtaliona.

Zuhura: Basi tumekubaliana. Nimemwambia Imani kwamba jumba halihami, limekuwepo hapo tangu 1971 na likimngoja mpaka awe na miaka ya Faraji halitachoka. Ameuliza kama mizuka itamkumbuka. Nimesema nadhani ndiyo. Na Faraji nimemweka chini: hakuna neno "mwoga" safari hii, kwa mtu yeyote, hata kwa utani.

Mama: Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalingoja. Safari njema. Mkifika mniambie, msinisubirishe.

*Jumanne*

Hamisi: Tumetoka. Faraji anataka kurudia. Na ile radi hata mimi niliijua na bado imenishtua, mkono wa Faraji ulikuwa umenikamata mkanda. Nimemfikiria Imani palepale.

Wifi Mwanaidi: Na yeye yuko wapi?

Zuhura: Yuko nami hapa kwenye lile gari la jeneza. Aliniuliza farasi yuko wapi, nikamwonyesha hatamu, nikamwambia yupo ila hatumwoni. Hakuogopa hata chembe. Ni dakika kumi sasa amesimama, mkono ameunyoosha kuelekea pale pua inapopaswa kuwa, anamsubiri amnuse. Nimemwambia baba amerudi, amesema "shhh, mama."