Kuaibishwa kikaoni kisa ritifaa moja: mabosi wa "it's" na "its", mnaijua historia ya hicho Kiingereza?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Ripoti yangu ya kurasa 14 imerushwa ukutani kwa projekta, mbele ya idara nzima, eti nimeandika it's (it is) pahali pa its (yake), yaani nimeweka ritifaa, kile kialama cha ('), pasipotakiwa. Ritifaa moja! Watu wakacheka, mmoja akaropoka "hizo ndizo shule za kata". Hesabu nilizokeshea wiki mbili hakuna aliyezigusa.

Sasa tuelewane. Hiyo its mnayoililia ni mtoto wa juzi. Zamani kitu kilimilikishwa kwa his, kama mwanaume. Fungueni Biblia ya King James ya 1611, Mathayo 5:13: chumvi imepoteza "his savour" (ladha yake). Chumvi! Nendeni na Walawi 25:5, mtakuta "it owne accord" (kwa hiari yake), it kavu, s haipo kabisa. Na its ilipoanza kushika, wengi waliiandika na ritifaa yake. Tamthilia za Shakespeare zilizochapwa 1623 zina it's ya umiliki. Huyo naye wa shule ya kata?

Tena hapo sijagusa nomino. Kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia Uingereza 1066, Kiingereza kilikuwa na makundi ya nomino, kila kundi na mwisho wake wa umiliki: -es, -e, -an. Karibu na ngeli zetu. Yakaporomoka, -es ikameza karibu yote. Mabaki yapo: "Lady Day" (sikukuu ya Bikira Maria, yaani siku ya Bibi) haina s mpaka leo kwa sababu lady alikuwa wa kundi la -an.

Baadaye wakasahau hata -es ilitoka wapi, wakadhani ni his iliyofupishwa. Ben Jonson akachapisha tamthilia 1605, akaiita "Sejanus His Fall" (Sejanus Anguko Lake). Ni sawa na mtu kusema "Juma gari lake". Ungesema hivyo kikaoni, wangekucheka wiki nzima. Na ritifaa ya wingi, ile inayokaa nyuma ya s, imetulia mwishoni mwa karne ya 18 tu.

Nimeambiwa nirudishe ripoti kesho ikiwa imenyooka. Nimeinyoosha. Ila ukurasa wa 9 nimeandika "the project and his budget", makusudi kabisa. Bosi akiuliza, Biblia iko kwenye begi.